Dalali Ni wa Nani?

Mhadhara kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam kuhusu kununua huduma ya udalali wa majengo ya biashara



Mmeniomba nijibu swali moja: dalali wa fremu, ofisi au godauni alipwe kiasi gani? Nalijibu hapohapo ili lisituchukulie muda. Kwa fremu na ofisi ndogo hapa mjini mazoea ni pango la mwezi mmoja, na anayelipa ni mpangaji. Kwa jengo au kiwanja kinachouzwa mtatajiwa asilimia 5, wengine watathubutu kutaja 10, na mali ikiwa kubwa asilimia hushuka kwa anayejua kuomba. Ni mazoea tu, na mazoea hujadiliwa.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa upande wa wanaotafuta majengo. Nimeona watu wakivutana na dalali wiki nzima ili ashuke kutoka pango la mwezi mmoja hadi la nusu mwezi, wakashinda, wakafurahi, kisha wakasaini mkataba uliomeza kila walichookoa na mtaji juu yake. Walihoji ada. Hawakuhoji dalali yule alikuwa wa nani. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze, kwa sababu ada ya dalali haina maana yoyote mpaka ujue unamlipa akutumikie wewe, au unamlipa mtumishi wa mwenzako.

Tuanze na simu yenyewe, mnaijua: "Bosi, fremu imepatikana Mtaa wa Kongo, inatazama barabara, milioni moja na laki mbili kwa mwezi, unalipa miezi sita. Wahi leo, kuna mteja wa Zambia yuko njiani na hela." Mteja huyo wa Zambia huwa njiani mwaka mzima. Mwacheni. Sikilizeni ambayo hayakusemwa. Hujaambiwa mwenye nyumba anataka ngapi. Hujaambiwa kama pango hilo ni kabla ya kodi ya zuio au baada yake. Wala hujui anayepangisha ni mwenye nyumba, mmoja wa watoto wa marehemu, au mpangaji mwenzako anayetafuta pa kutokea.

Mara nyingi mwenye nyumba alikwisha kumwambia dalali, "Mimi nataka milioni yangu, ya juu utajua mwenyewe." Basi hesabuni. Laki mbili za cha juu kwa miezi sita ni shilingi 1,200,000. Ada ya udalali, pango la mwezi mmoja, ni 1,200,000 nyingine. Katika malipo ya kwanza ya pango la 7,200,000, dalali ameondoka na 2,400,000, sawa na thuluthi ya pango lako la miezi sita. Wewe uliyepigania nusu mwezi umeokoa 600,000 na kutembea kifua mbele.

Nacho cha juu hakiishii hapo. Mkataba umeandikwa milioni moja na laki mbili. Miezi sita ikiisha, mwenye nyumba anaushika mkononi na kuona kumbe fremu yake inalipika kwa bei hiyo. Hataki tena milioni yake, anataka iliyoandikwa. Dalali amekula mara moja, na kuanzia hapo cha juu chake kimegeuka pango lako la kudumu, shilingi 2,400,000 kila mwaka, kabla hata hujapandishiwa.

Mtu atauliza: huu si wizi? Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu wakala na anayemtuma, nayo imechotwa kwenye Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Inamtaka wakala atoe hesabu kwa aliyemtuma. Akijinufaisha kwa siri katika kazi aliyotumwa, faida ile ni ya aliyemtuma, na akivuruga kazi kwa utovu wa uaminifu anapoteza ujira wa sehemu hiyo. Sheria nzuri. Ila itakuuliza kwanza: huyu alikuwa wakala wa nani? Kama alitumwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyemruhusu aweke cha juu, wewe huna hoja. Ulimlipa pango la mwezi, lakini hukuwa umemtuma. Ulikuwa mteja aliyeletwa.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza kusainiwa ni makubaliano kati yako na dalali, kabla hujapanda naye bajaji kwenda kuangalia chochote. Ukurasa mmoja unatosha. Iseme kwamba dalali ni wakala wako katika kutafuta eneo la aina fulani, sehemu fulani, kwa pango lisilozidi kiasi fulani. Iseme kwamba hatapokea chochote kutoka kwa mwenye jengo bila kukujulisha kwa maandishi, na akipokea, kitakatwa kwenye ada yake. Iseme pia kwamba bei ya pango utaisikia kwa mwenye jengo mwenyewe, na fedha zitakwenda kwenye akaunti ya mwenye jengo. Dalali atakayekataa mstari huo wa mwisho amekuambia yote uliyohitaji kujua, tena bure.

Kuna ugonjwa mwingine, wa kuajiri madalali watano kwa mpigo ukidhani unawashindanisha. Hebu kaa upande wa mwenye fremu. Asubuhi anapigiwa simu na wa kwanza: nina mteja wa duka la vitenge. Saa nne wa pili: nina mteja wa vitenge, yuko tayari. Mchana wa tatu. Mama wa watu anaamini mji mzima unaitaka fremu yake, na jioni bei imepanda. Wateja wote watano ni wewe. Umejishindanisha na nafsi yako, na hao watano kila mmoja anajua ana nafasi moja kati ya tano ya kulipwa, kwa hiyo hakuna atakayepoteza siku kufuatilia hati wala kumtafuta mpangaji wa zamani amuulize kwa nini aliondoka. Atakachofanya ni kuwahi.

Mpe mmoja, kwa muda mfupi. Siku 45 au 60 kwa fremu, miezi minne kwa ofisi kubwa au godauni. Ndani ya muda huo hutumii mwingine, naye anakuletea maeneo yote yanayofaa, hata yaliyo mikononi mwa madalali wenzake, na mgao wao watajuana kati yao. Muda ukiisha bila kitu, mnaachana. Aache orodha ya maeneo aliyokuonyesha, kwa anwani na tarehe, na ukija kupanga mojawapo ndani ya miezi mitatu unamlipa. Hiyo ni haki yake, na bila orodha hiyo mtagombana, kwa sababu kila dalali wa Kariakoo ataapa kwamba fremu ile yeye ndiye aliyekuonyesha.

Sasa, unanunua nini hasa? Kuonyeshwa mlango hakuna thamani ya mwezi mzima wa pango. Kijana wa bodaboda anaweza kukuonyesha milango. Thamani ipo katika anachokijua dalali, ambacho wewe ungekijua umeshachelewa. Kariakoo nyumba nyingi ni za urithi. Baba alijenga, watoto wanane wamebaki, na anayekupangisha huenda hana barua ya usimamizi wa mirathi. Unalipa mwaka mzima kwa kaka mkubwa, mwezi wa tatu anatokea dada kutoka Tanga na wakili. Au nyumba ya familia ilivunjwa, akaja mwekezaji akapandisha ghorofa kwa makubaliano ya kugawana sakafu kwa miaka kadhaa, na fremu unayopewa na mwekezaji ipo kwenye sakafu ambayo miaka yake inakaribia kwisha. Dalali wa kweli anazijua hadithi hizi jengo kwa jengo.

Hali kadhalika majengo ya Shirika la Nyumba. Mengi yaliingia mikononi mwa serikali mwaka 1971, ilipopitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 za wakati ule. Yalikaa chini ya Msajili wa Majumba hadi ofisi hiyo ilipounganishwa na Shirika mwaka 1990. Mpangaji wa Shirika anayekupangishia wewe fremu hiyohiyo kwa pango kubwa, bila idhini ya Shirika, anakuuzia nafasi ambayo haiko kwenye uwezo wake, na kilemba ulichompa, yaani fedha ya kuachiwa nafasi, hakitaandikwa popote. Dalali aliyewaunganisha alijua. Alikuwa wa nani?

Tena baada ya Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka Kariakoo na watu wakapoteza maisha, sioni sababu ya mtu kuajiri dalali asiyeuliza chini ya jengo kunachimbwa nini na kibali cha ujenzi kinasema nini. Liwekwe kwenye kazi yake kwa maandishi, na kwa jengo lenye shaka alipwe mhandisi. Dalali hawezi kusoma nguzo.

Kwa ofisi za Posta, Upanga na Masaki mambo ni mengine kidogo, kwa sababu huko wanahesabu kwa mita ya mraba. Zamani bei ilitajwa kwa dola. Kanuni za Machi 2025 zinataka bei za ndani zitajwe na zilipwe kwa shilingi, kwa hiyo anayekutajia dola leo mwambie arudi na shilingi. Kilichobaki ni futi kamba. Mkataba unasema mita 200, pima. Ukipata 165 ndani ya kuta zako, zile 35 ni sehemu yako ya korido, lifti na vyoo vya pamoja, unazilipia pango na gharama za huduma kila mwezi. Huenda ni halali kabisa, lakini linganisha majengo mawili kwa kipimo kimoja, la sivyo lililotajwa kwa bei nafuu ndilo litakuwa ghali. Dalali wako aje na futi kamba. Wa mwenye jengo atakuja na kipeperushi.

Kwa pango lolote, swali la pili baada ya bei ni kodi. Mpangaji mfanyabiashara anatakiwa azuie asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba akisema "milioni yangu iwe mkononi", pango la kweli limekuwa 1,111,111, na tofauti kwa mwaka ni zaidi ya milioni moja na laki tatu. Hiyo inazidi pango la mwezi mnalogombania na dalali. Kama mwenye jengo amesajiliwa VAT, kwa kawaida kuna asilimia 18 juu yake. Dalali atakayekutajia bei bila kukueleza hayo hajamaliza sentensi.

Niwapeleke Nairobi kidogo, kwani sijaona mfano unaoonyesha vizuri zaidi gharama ya kutumia wakala wa mwenzako. Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Majumba, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Hapa kwetu mthamini ana sheria yake ya mwaka 2016, lakini dalali wa fremu huanza kazi siku anayopata simu na mtaa. Kwa hiyo mtu angedhani Nairobi mpangaji yuko salama. Wanayo pia Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa, Sura ya 301, ya mwaka 1965. Inamlinda mpangaji ambaye mkataba wake haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Mwenye jengo hawezi kumpandishia pango wala kumwondoa kwa kupenda, lazima atoe notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na mpangaji anaweza kupeleka shauri kwenye baraza maalumu.

Basi wakala aliyesajiliwa, mwenye tai na kadi, anamletea mpangaji mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu. Mpangaji anafurahi, muda mrefu! Ile miezi mitatu ndiyo iliyomtoa nje ya ulinzi. Imo kwenye mikataba mingi ya Nairobi, na iliwekwa kwa makusudi. Wakala hakudanganya neno. Alikuwa wa mwenye jengo, akaifanya kazi ya mwenye jengo vizuri. Usajili wake ulimzuia kuwa tapeli, haukumfanya awe wako. Mpangaji angekuwa na wakala wake, angeambiwa: ukitaka ulinzi omba mitano kamili, ukikubali miezi mitatu, dai kitu badala yake, miezi ya kujenga ndani bila pango, au kikomo cha nyongeza ya kila mwaka. Miezi mitatu ile ina bei, na hapo ndipo dalali anaistahili ada yake.

Marekani wamelifikisha hili mbali zaidi. Mpangaji wa ofisi huko huambiwa dalali wake ni wa bure, kwa sababu ada, ambayo mara nyingi ni asilimia 4 hadi 6 ya pango lote la miaka ya mkataba, hulipwa na mwenye jengo, na madalali wa pande mbili hugawana. Mwenye jengo naye anaitoa wapi? Ameshaipiga hesabu ndani ya pango. Na dalali huyo wa "bure" analipwa zaidi pango likiwa kubwa na mkataba ukiwa mrefu. Sina ubaya na mfumo huo, ilimradi mpangaji ajue analipa, na aombe sehemu yake irudishwe kama punguzo.

Turudi kwenye ada. Asilimia ya pango au ya bei inamfundisha dalali wako kupenda bei kubwa. Wajanja husema basi tumlipe asilimia ya anachookoa. Nimeijaribu. Tatizo ni kwamba anayekutajia bei ya kuanzia ni yeye, na anaweza kuipandisha asubuhi ili aishushe jioni. Njia hiyo hufaa pale tu bei ya kuanzia imeandikwa na mwenye jengo mwenyewe, kabla dalali hajajua utamlipa vipi. Kwa fremu na ofisi za kawaida mimi napendelea kiasi maalumu kwa shilingi, kinachotajwa mwanzoni na kisichobadilika pango likishuka wala likipanda. Mnakadiria pango la mwezi la eneo mnalolitafuta, mnaandika kiasi hicho, basi. Akikupatia la bei nafuu hapotezi kitu.

Kwa jengo la kununua omba ngazi. Jengo la shilingi bilioni 2 kwa asilimia 5 ni milioni 100, na kazi ya dalali haikuzidi ile ya jengo la milioni 500 mara nne. Asilimia 3 kwa milioni 500 za kwanza ni milioni 15, asilimia moja na nusu kwa bilioni moja na nusu iliyobaki ni milioni 22 na nusu. Jumla milioni 37 na nusu. Dalali mzoefu hatakimbia kwa hesabu hiyo, ataomba tu ngazi ya kwanza iongezwe kidogo. Mwongezee.

Muda wa kulipa una uzito kuliko kiasi. Kuna kesi ya Uingereza, ya kampuni ya Luxor ya Eastbourne, iliyofika hadi House of Lords wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Dalali aliahidiwa pauni 10,000 endapo majumba ya sinema yangeuzwa kwa mteja atakayemleta. Mteja akapatikana, wenye mali wakaghairi. Dalali hakupata kitu, kwa kuwa ahadi ilikuwa ya mauzo kukamilika na mauzo hayakukamilika. Madalali wetu hawajaisoma kesi hiyo lakini wanaijua kwa uchungu, ndiyo maana wanadai hela siku ya kuoneshana. Mjadiliane waziwazi: nauli ndogo ya kuzunguka, inayokatwa baadaye kwenye ada, nusu ya ada mkataba ukisainiwa na stempu ikalipiwa, nusu ukishakabidhiwa funguo na kuwasha taa kwa mita yako. Luku yenye deni la mpangaji aliyehama, dalali ataishughulikia haraka sana kama nusu ya ada yake imelala hapo.

Kwa wageni waliomo humu, na wenyeji mnaofanya kazi na wageni, neno moja la haraka. Amri ya Julai 2025 imeorodhesha udalali wa biashara na wa majengo miongoni mwa kazi ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Rafiki wa kigeni aliyekuwa akikutafutia godauni Ubungo kwa ada, muweke pembeni kabla ya kusaini naye chochote.

Mtaniona namtetea mnunuzi tu. Nasema hili pia: dalali mdogo usimkamue. Ukimkata hadi robo mwezi, fremu nzuri itakayopatikana kesho ataionyesha kwanza kwa mwingine, na wewe utapigiwa simu za zile zilizokaa mwaka mzima. Na anayekubali kushushiwa haraka mno, muulize anakula wapi. Mwachie ada yake, lipa siku uliyoahidi, bana masharti.

La mwisho ni kuongeza mkataba. Hapo dalali haonekani, kwani hakuna fremu ya kuonyesha wala ada ya kudai, na mpangaji anakwenda peke yake mbele ya mwenye nyumba akiwa na mzigo ndani, bango juu ya mlango na wateja waliozoea. Huo ndio wakati pango linapandishwa. Miezi sita kabla mkataba haujaisha, mwite dalali wako yuleyule, mpe kiasi kidogo maalumu, akuletee bei za fremu tatu za jirani zilizopangishwa karibuni na moja unayoweza kuhamia kweli. Nenda nazo kwa mwenye nyumba. Kama mkataba wako ulikuwa wa miezi sita tu, anza mwezi wa pili. Sasa nipo tayari kwa maswali, na naomba wenye mikataba mifukoni wasisite kuitoa.